Ukanda wa Nikeli na Kutu Iliyo Chini Yake



Ndugu msomaji, baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), nakuomba leo unipe sikio lako kidogo. Sitakusomesha mlango wa udhu wala wa saumu. Nataka nikusimulie kisa cha gari. Huenda ukasema moyoni: Sheikh na magari, wapi na wapi? Nivumilie. Kisa hiki kilinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Mtoni, wala hakinipambi. Lau ningetaka kujipamba ningekinyamazia. Lakini mwalimu anayeficha kosa lake huku akiwahimiza wengine watubie makosa yao, huyo amekwisha kulirudia kosa lile lile nitakalokueleza.

Gari lenyewe ni Volkswagen, lile ambalo watu walilipa jina la mgongo wa chura kwa umbo lake. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alilinunua mwaka 1967 kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Mjomba alikuwa karani bandarini, mtu wa kanzu safi na maneno machache, lakini ukimgusia gari lake maneno yalimtoka kama maji. Alikuwa akitueleza kuwa gari la namna ile ndilo lililoshinda mbio za Safari mwaka 1954, na tena mwaka 1957, na tena mwaka 1962, katika tope na vumbi la Afrika Mashariki, likayaacha nyuma magari makubwa kuliko hilo. Akitueleza pia kuwa injini yake iko nyuma, na hupozwa kwa upepo wala si kwa maji, kwa hiyo halina rejeta ya kuchemka mlimani. Magari hayo yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, na la mwisho lilitoka kiwandani huko Mexico mwaka 2003. Mjomba hakuiwahi habari hiyo. Angeiwahi, nadhani angelia.

Lakini alichokipenda zaidi ni ukanda mwembamba unaong'aa, upitao ubavuni chini ya madirisha, kuanzia mbele ya mlango hadi nyuma ya dirisha la mwisho. Vipande vitatu kila ubavu, na kimoja katikati ya kifuniko cha mbele, jumla saba. Watu wa mtaani huuita nikeli, ingawa kwa kweli ni alumini iliyong'arishwa. Wenye kiwanda, tangu mwaka 1949, walikuwa wakitoa magari ya namna mbili: la kawaida lisilo na mapambo, na lile la kupelekwa nchi za nje, lenye kung'arishwa na kutiwa kanda hizo. La mjomba lilikuwa lile lenye mapambo. Nakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta yalipokuwa haba, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Wengine wakinung'unika. Mjomba yeye huutumia wakati huo kukaa kibarazani na kitambaa laini na tone la mafuta ya nazi, akiufuta ukanda wake taratibu kama mtu afutaye miwani.

Mwaka 1988 alinipa gari lile hiba, akiwa hai na akili zake timamu, mbele ya mashahidi, maana alijua kuwa mimi si katika warithi wake na hakutaka patokee neno baada yake. Likanitumikia miaka mingi. Limebeba majuzuu na mikeka, limebeba mchele wa Maulidi, limebeba wagonjwa usiku wa manane kwenda Temeke. Mwaka 1996 mkokoteni uliochopoka mteremkoni ukalipiga ubavu wa kushoto. Fundi mmoja akalinyoosha, akalipiga rangi, akanirejeshea kanda tatu za ubavu ule mkononi, akasema matundu ya kuzishikia yameharibika kidogo, bora nizihifadhi. Nikazifunga kwa gazeti, nikaziweka juu ya kabati. Mwaka 2011 injini ikanyamaza. Tokea hapo gari likawa chini ya mkungu uani kwangu, likila majani na kinyesi cha ndege.

Sasa ndugu msomaji, tufike penyewe. Mwaka jana, kabla ya masika, paa la madrasa yetu lilikuwa limechoka. Mabati yametoboka, na watoto themanini wanasoma chini yake. Mvua ikinyesha hukusanyika pembe moja kama vifaranga, na misahafu tunaifunika kwa mfuko wa nailoni. Siku moja akanijia kijana kutoka Kinondoni, afanyaye kazi ya kukodisha magari ya maharusi. Nawe wajua kuwa siku hizi gari la zamani lililopambwa maua limekuwa fahari ya harusi. Akalizunguka gari la mjomba mara mbili, akasema: "Sheikh, injini usijali, ninayo. Mimi nataka bodi nzima na mapambo yake yote mahali pake. Ukinitimizia hayo, nakupa milioni nane."

Milioni nane! Nilipiga hesabu papo hapo. Mabati, mbao, misumari, na ujira wa mafundi, yote yanaingia humo na chenji inabaki. Nikamshukuru Mola wangu, nikamwita kijana mmoja niliyemsomesha tangu alifu hadi akahitimu, ambaye sasa ana gereji yake ndogo pale Mtongani. Alikuja na msaidizi na fundi mwenziwe mmoja, wakalisukuma gari hadi penye kivuli, wakaanza.

Ubavu wa kulia kanda zilikuwa bado zipo. Kijana wangu alizibandua kwa kibanzi cha mti alichokizungushia kitambaa. Nikamwuliza kwa nini hatumii bisibisi. Akanijibu: "Maalim, alumini hii ikipinda mara moja hairudi tena ikawa kama ilivyokuwa. Yataka kuinuliwa pale pale penye klipu, moja baada ya moja, bila pupa." Nikalipenda jibu lake. Nikasema moyoni, huyu amejifunza subira, na huenda mimi nina fungu langu katika hilo.

Kisha wakaingia ubavu wa kushoto, ule uliopigwa na mkokoteni. Akaanza kutafuta matundu ya zamani chini ya rangi, akipiga msasa. Mara puti ikaanza kubanduka, vipande vinene kama gamba la muhogo. Chini yake hapakuwa na chuma, palikuwa na kutu. Matundu ya klipu, ambayo asili yake ni madogo kama ya kupitisha penseli, mawili yalikuwa yamekuwa makubwa kama sarafu, na kingo zake zikivunjika kama biskuti. Yule fundi wa mwaka 1996 hakuniambia ukweli. Alijaza puti, akapaka rangi, akachukua ujira wake, akaenda zake. Nami nilitembea na gari lile miaka kumi na tano nikidhani ni zima.

Hapo yule fundi mwenziwe akafungua mfuko wake, akatoa roli la ukanda wa plastiki uliopakwa rangi ya fedha, wenye gundi mgongoni. Akasema: "Sheikh, ya nini kuhangaika? Tunatia puti mpya, tunapiga rangi, tunabandika huu juu yake mpaka mwisho. Kesho jioni gari tayari, linang'aa. Nani atakayefunua?"

Nami, ndugu msomaji, mimi niliyesoma na kusomesha tangu ujana wangu, nikasema: "Basi fanyeni hivyo."

Wallahi sikulisema kwa kutojua. Nilisema huku nikiwaona watoto wangu wamekusanyika pembeni na mvua inawadondokea. Nilisema huku nikijiambia kuwa fedha hizi haziingii mfukoni mwangu, ni za nyumba ya Qur'ani. Shetani hamwendei sheikh kwa chupa ya ulevi. Humwendea kwa paa la madrasa.

Yule kijana wangu akaweka msasa chini. Akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kama mtu atafutaye maneno. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Maalim, samahani sana. Ile habari ya rundo la chakula sokoni, si wewe uliyetusomesha?"

Hakusema zaidi ya hayo. Nawe bila shaka unaijua habari yenyewe, nayo imepokewa kwa Abu Hurayra (R.A.) katika Sahihi ya Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akalikuta rundo la chakula linauzwa. Akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na umajimaji. Akamwuliza mwenye bidhaa, ni nini hiki? Naye akatoa udhuru kuwa chakula kilinyeshewa. Mtume akamwuliza mbona hakukiweka kile kilicholowa juu, watu wakakiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hana fungu kwake. Angalia vizuri: mtu yule hakuuza sumu. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, naye hakuiomba. Kosa lake halikuwa kunyeshewa. Kosa lake ni kuweka kikavu juu na kibichi chini.

Je, nilimjibu nini mwanafunzi wangu? Laiti ningenyamaza. Nilimwambia: "Mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika alifu, leo wewe wanifundisha dini? Kile ni chakula, hiki ni chuma. Kama hutaki kazi, mafundi ni wengi." Akainama, akasema: "Sawa, Maalim. Ila mkono wangu hauwezi. Vyombo vyangu nitavifuata kesho." Akaondoka, na msaidizi wake nyuma yake. Nikabaki na yule mwenye roli la plastiki, ambaye naye alitazama saa, akasema atarudi asubuhi.

Usiku ule baada ya Isha nilikuwa na darsa ya watu wazima, na kwa wiki tatu tulikuwa katika mlango wa biashara. Nikafungua kitabu. Nikajikuta nimefika pale panapoelezwa habari ya mnyama aliyefungwa chuchu asikamwe, ili kiwele kijae, mnunuzi apite sokoni adhani ana maziwa mengi. Mtume (S.A.W.) alilikataza jambo hilo, akampa mnunuzi haki ya kumrudisha mnyama. Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wakajenga juu yake hukumu ya kila kitu kilichopambwa ili aibu yake isionekane: mnunuzi ana khiyari, na muuzaji ana dhambi. Nikasoma mstari mmoja, nikakohoa. Nikawaambia wanafunzi kuwa kifua kinanisumbua, tutaendelea wiki ijayo. Wakaniombea afya. Hapana lililoniumiza siku ile kama dua ile.

Nikalala macho wazi. Nikajiuliza: Je, kupamba gari ni haramu? La. Dini yetu haikukataza uzuri. Mtume (S.A.W.) aliulizwa habari ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, naye akaeleza kuwa hicho si kiburi, kwani Mwenyezi Mungu Mwenyewe aupenda uzuri. Mjomba wangu hakukosa kuufuta ukanda wake. Lakini katika maneno hayo hayo Mtume alieleza kiburi ni nini: ni kuirudisha haki inapokujia, na kuwadharau watu. Ndipo nilipojiona. Haki ilinijia mchana, imevaa bwelasuti yenye mafuta, nikairudisha mlangoni kwa sababu aliyeileta nilimfundisha mimi kuandika. Nilikuwa na maradhi mawili, si moja. La kwanza ni ghushi, la pili ni kiburi, na hilo la pili ndilo lililolilinda la kwanza.

Baada ya Alfajiri nikashika fimbo yangu, nikatoka kwa miguu hadi kwake, karibu na Kwa Azizi Ali. Akanikuta mlangoni, akashtuka, akaniamkia. Nikamwambia: "Mwanangu, jana wewe ulikuwa mwalimu na mimi mwanafunzi mjeuri. Nimekuja kukutaka radhi." Akanikamata mkono, akasema: "Maalim, usiniambie hivyo, utanitia makosani." Mkewe akatuletea chai ya tangawizi na chapati. Tukala kimya, kisha tukarudi pamoja penye gari.

Safari hii alilikagua lote, na hapo ndipo nilipojua ukubwa wa jambo. Alilala chini, akawa anagonga kwa mpini wa bisibisi katika kizingiti cha gari, pale chini ya mlango. Ubavu wa kulia sauti ilikuwa kali, ya chuma kizima. Ubavu wa kushoto ilikuwa nzito na butu, kama kugonga boga. Akanieleza: maji ya mvua yanapopenya kwenye matundu ya klipu yaliyolika, hayatoki. Hushuka ndani ya ukuta wa bodi mpaka chini, yakatuama kizingitini. Na kwa gari hili kizingiti si urembo, ni mfupa. Ndicho kinacholishikilia lisikunjike. Kisha hapa kwetu, mkono wa bahari unaingia mpaka nyuma ya nyumba, na upepo una chumvi. Chumvi na maji na chuma, hao wakikutana hawalali.

Basi fikiri nami, ndugu msomaji. Lau tungebandika ule ukanda wa plastiki, ndani ya gari lile angepanda bwana harusi na bibi harusi, na mama zao wanawafuata nyuma wakipiga vigelegele, na chini ya miguu yao mfupa umeoza. Nami ningekuwa nimeketi chini ya paa jipya, ninawasomesha watoto habari ya rundo la chakula.

Nikampigia simu yule kijana wa Kinondoni. Nikamwambia aje kabla hatujagusa kitu. Alipofika nikamwonesha tundu kwa tundu, nikamtaka atie kidole mwenyewe. Akatia, kikapita mpaka ndani. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Sheikh, afadhali umenionesha. Fedha hizi si zangu peke yangu. Mama amenipa upatu wake." Tukakaa chini ya mkungu tukazungumza kama Waislamu. Tukapatana kuwa kijana wangu atatengeneza bodi mpaka iwe salama, na gharama yote itatoka katika bei yangu. Gharama ikafika milioni mbili na laki tatu, na kazi ikachukua wiki tano.

Hakim bin Hizam (R.A.) amepokea kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainishana, hubarikiwa katika biashara yao, na wakifichana, baraka yake hufutwa. Basi nilipokea shilingi milioni tano na laki saba. Nakiri kuwa mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Lakini nilizihesabu bila kutazama nyuma.

Sasa nikusimulie jinsi kanda zilivyowekwa, maana niliketi kigodani siku mbili nikitazama, na naona kazi ile ina mafunzo kuliko hotuba nyingi.

Kwanza alikata chuma chote kilichooza, hakubakiza hata kile kilichokuwa na dalili tu. Nikamwambia: hapo mbona pazima? Akasema: "Pana doa, Maalim. Ukiliacha, litarudi na wenziwe." Akachomelea mabati mapya, akazikwangua kingo mpaka zikang'aa, akapaka dawa ya kutu, kisha rangi ya chini, kisha rangi yenyewe. Matundu mapya alipoyatoboa, hakuridhika. Alichukua brashi ndogo akapaka rangi ndani ya kingo za kila tundu, kwa sababu tundu ni jeraha, na jeraha lisilofunikwa ndilo linaloanza kuoza. Hiyo, ndugu msomaji, ni tofauti ya kufunika na kuficha. Hufunika aliyekwisha tibu, na huficha asiyetaka kutibu.

Pili, alizitupa klipu zote za zamani zilizoshika kutu, akanunua mpya kule Gerezani, na vipira vyake vya kuziba maji. Nikamwuliza: kwa nini tusishindilie kwa skurubu za chuma, zikawa imara? Akanieleza kuwa metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, moja humla mwenziwe. Chuma na alumini wakilala pamoja bila kizuizi, alumini huliwa, na penye mkwaruzo wa rangi chuma nacho hushika kutu. Kile kipira kidogo kinachokaa kati yao ndicho kinachowapatanisha. Nikakumbuka ndoa ngapi zimevunjika mikononi mwangu kwa kukosa kipira cha namna hiyo, yaani mtu mzima mmoja wa kukaa kati.

Tatu, hakuanza kushindilia. Alivuta uzi kutoka mwanzo wa ubavu hadi mwisho, akabandika tepu ya karatasi kuufuata, akakaa mbali, akatazama. Kisha akazishika kanda zote tatu juu ya tepu bila kuzifunga, aone kama zinafuatana. Kati ya ukanda wa mlango na ile ya pande zake akaacha nafasi ya kijiti cha kibiriti, ili mlango ukifunguka usisugue jirani yake. Hata mapambo yana haki ya ujirani!

Nne ndipo alipozitia. Klipu kila moja tunduni mwake, kipira kimekaa sawasawa. Akapachika ukingo wa juu wa ukanda kwanza, akaanza upande mmoja, akasukuma ukingo wa chini kwa kiganja, si kwa nyundo. Kila klipu ikiingia inalia, ta! Akitoka kwenye moja anakwenda ya pili. Ta! Ta! Ilipofika ya mwisho akapitisha kidole chini ya ukanda wote kuhakikisha hakuna ulioinuka. Kanda zile tatu za kushoto zilikuwa zile zile za mjomba, zilizolala ndani ya gazeti tangu mwaka 1996. Nikazifuta kwa kitambaa na tone la mafuta ya nazi. Zikang'aa. Nikamwombea mjomba rehema.

Ujira wa kijana nikampa papo hapo, kabla hajanawa mikono, kama tulivyofundishwa kumlipa mwenye kazi kabla jasho lake halijakauka. Alitaka kunipunguzia, nikakataa. Amenitendea ihsani kubwa kuliko hiyo.

Huenda wataka kujua habari za paa. Sitakudanganya. Fedha zilitosha theluthi mbili. Chumba kikubwa kimepata mabati mapya. Chumba kidogo, cha watoto wa alifu, masika yale kilipita chini ya turubai, na siku mbili ilibidi tuwarejeshe makwao. Hadi naandika haya bado tunakusanya kidogo kidogo. Hakutokea tajiri wa ghafla akatujazia pengo. Wengine hupenda visa viishe hivyo, lakini hiki hakikuisha hivyo. Ila chini ya mabati yale tuliyoyapata naweza kuufungua mlango wa biashara nikausoma mpaka mwisho bila kukohoa.

Ndugu msomaji, wewe huenda huna gari la zamani. Lakini kila nyumba ina ukanda wake wa nikeli. Kuna mzazi anayejua maradhi ya mwanawe au ulevi wake, wanapokuja watu wa posa hupika biriani na kusifu, na aibu huifunika chini ya zulia. Kuna muuza mchele anayeweka juu ule mzuri wa Mbeya na chini chenga. Kuna mjenzi anayepaka chokaa juu ya ufa, ilhali wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kuna sisi wenye vilemba na majoho. Kanzu yangu nyeupe, sauti yangu katika kisomo, na heshima mnayonipa mtaani, hizo zote ni kanda zinazong'aa. Si vibaya kuwa nazo. Lakini siku moja aliye mdogo kuliko mimi aligonga kwa mpini wa bisibisi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya boga.

Basi nakuusia na najiusia nafsi yangu kabla yako: ukitaka kupamba, kwanza kwangua. Ukiuza, onesha kibichi kabla ya kikavu. Na akikukumbusha mtoto wako, au mwanafunzi wako, au kijana wa gereji, usimwulize amesoma wapi. Huenda amesoma kwako, na akahifadhi ulichokisahau wewe.

Ewe Mola wetu, zitengeneze siri zetu ziwe bora kuliko dhahiri zetu, na dhahiri zetu zijaalie kuwa njema. Warehemu waliotutangulia, na wabariki watoto wetu wanaosoma chini ya mabati na wanaosoma chini ya turubai. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.